Jilala na Dohani ya Bi Mwamvua

Mtu akikuambia kwamba kitambi ni heshima, muulize kwanza kama amewahi kuingia shimo la nungunungu. Jilala aliyaingia mashimo hayo kwa miaka ishirini na minane, na kuanzia Kolandoto hadi stesheni ya Shinyanga hakuna aliyemjua kwa kazi nyingine. Alikuwa mnunguli, yaani mmoja wa chama cha wawindaji wa nungunungu, watu ambao hawamngoji mnyama atoke bali humfuata nyumbani kwake, kwa tumbo, gizani, mkuki mfupi mbele na wimbo mdomoni. Ukilima karanga na viazi, nungunungu akavifumua vyote, hukwenda kwa karani wala kwa mtemi. Ulimwita Jilala.

Sasa mwaka wa hamsini na mbili pamba ilikubali, ghala zikajaa, na mkewe Mageni hakuwa mwanamke anayejua kupakua kidogo. Kitambi kikaja taratibu, kwa adabu, kama mgeni anayesema hakai sana. Msimu wa kuwinda ulipofika, mbele ya chama kizima, Jilala aliingiza kichwa shimoni, akaingiza mabega, akafika kiunoni, akakwama. Wanaume wanne walimvuta kwa miguu. Nungunungu mwenyewe alitokea mlango mwingine akaenda zake, na wapo wanaoapa kwamba aligeuka kutazama.

Kukwama kungesahaulika. Kisichosahaulika Usukumani ni wimbo. Mihayo, kijana wa chama hicho hicho, mwembamba kama mpini wa jembe na mwenye sauti ya kuwatoa watu majumbani, hakulala na jambo hilo siku mbili. Alitunga wimbo kwa Kisukuma, na maana yake ilikuwa hivi: shimo limepata kizibo, kizibo kimeota miguu, Mageni punguza ugali tupate nyama. Watoto waliuimba kisimani. Wanawake waliutwangia mtama. Siku moja Jilala alimkuta Mageni mwenyewe akiuimba huku akisonga ugali, tena akisonga kwa mapigo yake.

"Baba Shija, mimi nafuata sauti tu," Mageni alijitetea. "Maneno siyasikilizi."

Ilimuuma. Tena jambo lenyewe halikuishia kwenye kuchekwa. Wazee wa chama walikwisha kumwambia kwamba mavuno ya mwaka unaofuata yakimalizika, atatajwa upya mtu wa kutangulia shimoni, na yeye Jilala huenda akawekwa mdomoni mwa shimo. Mtu wa mdomoni hulaza sikio ardhini asikilize aliyeko chini, na hushika nguo na ugoro wa wenzake. Kwa Jilala hiyo ilikuwa kazi ya wazee waliokwisha kuaga dunia ila hawajapata nafasi ya kuondoka. Alitaka shimo, shimo lolote, aliingie mbele za watu kabla ya siku hiyo, ili wimbo ule ufe.

Ndivyo mambo yalivyokuwa asubuhi moja ya mwaka wa hamsini na tatu, Jilala alipokuwa sokoni Shinyanga na Mageni wakiuza tumbaku. Akapita Herman, fundi bati, Mhaya aliyekuwa amefanya kazi karakana za machimbo ya dhahabu huko Geita, na aliyezungumza Kiswahili kwa haraka kana kwamba kuna mtu nyuma anayesubiri zamu.

"Jamani, natafuta mtu wa kuingia dohani ya Bi Mwamvua. Vijana wote wameikimbia."

Watu wakamwonyesha Jilala. Huyo hapo, wakasema, maisha yake yote ni kuingia. Jilala akasimama, akajikung'uta. Neno dohani hakuwahi kulisikia. Nyumbani kwao moshi ulitoka kupitia nyasi za paa, kila unywele wa nyasi ukiwa mlango, na hakuna aliyewahi kuupa njia yake na jina lake. Lakini kuuliza jina la mnyama mbele ya watu ni kukiri ujinga, kwa hiyo akauliza kama waulizavyo wawindaji.

"Iko peke yake?"

"Moja tu, nyumba nzima."

"Umri wake?"

"Tangu enzi za yule Mgiriki. Miaka ishirini na kitu haijaguswa."

Jilala akapiga mluzi. "Inakula nini?"

Herman akacheka, akidhani mzee anapenda mafumbo. "Inakula moshi, mzee wangu. Na mafuta ya mbuzi. Mgiriki alikuwa akichoma mbuzi mzima kila Jumapili, na yote yameingia humo."

"Mbuzi!" alisema Jilala, na Mageni akaacha kupima tumbaku. "Imeshaua mtu?"

Hapo Herman hakucheka tena. "Hii bado. Lakini kule machimboni moja iliwaua mke na mume wamelala kitandani. Hata kuwagusa haikuwagusa. Pumzi yake tu iliwatosha."

Mageni alimvuta mumewe shati. Jilala hakuvutika. Mnyama wa miaka ishirini, mla mbuzi, muuaji kwa pumzi, na vijana wote wamemkimbia! Angekuwa amemtunga mwenyewe asingempata mzuri hivyo.

"Kesho," akasema. "Nitakuja na dawa yangu."

"Njoo na ufagio pia," alisema Herman, akaondoka.

Kesho yake Jilala alifika mapema, Bi Mwamvua akiwa ametoka kwenda dukani kwa Mhindi kununua hamira. Huyu Bi Mwamvua alikuwa mjane wa Tabora, mumewe alikuwa mtu wa reli, na nyumba aliyopanga, kando ya soko, ilijengwa na Mgiriki mmoja wa pamba. Mgiriki huyo alijenga ukutani mahali pa kuota moto, katika mji ambao hata mijusi hutafuta kivuli. Jilala aliizunguka nyumba mara mbili akitafuta nyayo. Hakuona. Alipoinua macho akaona, juu ya bati, mdomo wa shimo umesimama wazi.

Kila mnunguli anajua sheria ya kwanza: kabla hujaingia mlango mmoja, ziba milango mingine, la sivyo utafanya kazi ya kumsindikiza mnyama. Ngazi ya Herman ilikuwa imeegemezwa ukutani. Jilala akakata matawi ya mgunga yenye miiba, akapanda, akayashindilia katika mdomo ule, akaongeza majani, akaongeza tope la mtaroni, akapigapiga kwa kiganja mpaka pakawa pagumu. Akashuka akakaa mlangoni ameridhika. Ikitoka leo, alijiambia, itoke kwa kupitia kwangu.

Bi Mwamvua na Herman walimkuta hapo.

"Mwangaluka, baba," alisema Bi Mwamvua, ambaye alikuwa amejifunza salamu za Kisukuma kwa ajili ya biashara.

"Mwangaluka, mama. Iko wapi?"

Wakamwingiza ndani. Katikati ya chumba lilikaa jiko la chuma, jeusi, zito, lenye miguu minne iliyochongwa kama ya simba. Bi Mwamvua alilinunua kwa Mzungu mmoja wa machimboni aliyekuwa akirudi kwao, na lilisafiri kwa lori kutoka Geita likiwa limefungwa kamba kama mlevi. Alitaka kuoka mikate ya kuwauzia abiria wa treni. Lakini Herman alimwambia kwamba jiko hilo haliwashwi hata njiti moja mpaka dohani isafishwe, nyufa zizibwe, na bomba lipitishwe.

Jilala alilitazama jiko kwa heshima, akalipita, akapiga magoti mbele ya lile tundu la ukutani. Akanusa. Akapapasa sakafu.

"Kinyesi chake kikoje?" akauliza.

"Kinyesi cha nani?" akauliza Bi Mwamvua.

"Cha dohani."

Kisha Herman akaelewa, na alipoelewa alishika jiko lisimwache aanguke. Bi Mwamvua alikaa juu ya gunia la unga wa ngano, akacheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani, akasema astaghfirullah, akaanza upya. Herman alieleza huku akifuta machozi: dohani si mnyama, ni njia ya moshi tu. Masizi ya mafuta yameganda humo, na jiko likiwashwa yatashika moto yenyewe na nyumba itakwenda nayo. Au njia itakuwa imeziba na moshi utarudi ndani uwaue waliolala.

Jilala alisimama na mkuki wake, akatamani sakafu ipasuke. Wimbo wa pili aliusikia tayari unatungwa. Ule mgunga aliokuwa ameushindilia juu ulimtoka akilini kabisa. Aibu ikiingia kichwani hufukuza wapangaji wengine wote.

"Shimo ni shimo," akasema mwishoni, akavua shati. "Limelala, limesimama, ni shimo tu. Leteni ufagio."

Bi Mwamvua akatandika shuka la zamani. Jilala alijipaka dawa yake kifuani kama desturi, akaingia, akasimama ndani ya ukuta. Njia ilikuwa pana kuliko ya nungunungu, na moyo ukamtulia. Akakaza mgongo huku, nyayo kule, akaanza kupanda akikwangua kwa jembe dogo na kusugua kwa ufagio. Masizi yakashuka kwa mabonge. Tundu likapiga chafya ya vumbi jeusi, chumba kizima kikapata usiku wake mdogo, na Bi Mwamvua akaacha kucheka.

"Unaona mwanga juu?" aliuliza Herman.

"Sioni!"

"Basi bado yapo. Kwangua!"

Akakwangua. Akapanda tena urefu wa mkono.

"Sasa?"

"Giza tupu!"

"Masizi ya miaka ishirini hayo, mzee. Sukuma kwa nguvu!"

Jilala akapanda. Mguu wake wa kulia ukapata mahali pa kukanyaga, kitu kama kidaraja kilichochomoza ukutani, akashukuru Mungu na mizimu kwa pamoja, akajikunja, akasukuma kwa kichwa. Kilichokuwa juu kilikuwa kigumu. Kilichoma. Akakitukana. Akasukuma mara ya pili kwa hasira zote za mwaka mzima, na kitu kile kikang'oka.

Waliokuwa sokoni asubuhi ile wanasimulia mpaka leo. Juu ya bati la Bi Mwamvua kilichomoza kichwa cheusi chenye pembe za miiba kila upande, kikafuatwa na mabega meusi, kikapiga ukelele. Mama mmoja aliacha kapu la mayai akakimbia. Mzee mmoja akasema Mgiriki amerudi. Jilala aliondoa mgunga kichwani, akauangalia, akautambua mti wake mwenyewe, na akashukuru kwamba uso wake hauonekani.

Akataka kutoka. Hapo ndipo alipogundua kwamba mafundi wa Mgiriki walipofika juu waliibana njia. Mabega yalipita kwa kuwa mabega yana mifupa na adabu. Kitambi kilipofika kikakataa. Akajaribu kurudi, kikakataa vilevile.

Watu walikusanyika. Na katika watu hao alikuwamo nani kama si Mihayo, aliyekuwa amekuja kuleta pamba? Alitazama juu, akamtambua mzee wa chama chake kwa sauti ya matusi, akawaambia watu kwamba huyo ni mnunguli mwenzake, akashika mbavu. Halafu, mbele ya soko zima, akaupiga ule wimbo. Kizibo kimeota miguu! Watu wakaupokea.

Jilala alitazama upande wa reli. Kama treni ingefika saa ile akaweza kuingia ndani yake akiwa na dohani kiunoni, angeingia.

Aliyeukatisha wimbo ni Bi Mwamvua. Alitoka nje, mweusi mpaka kope, akamshika Mihayo sikio. "Wewe mwenye sauti! Ndiye mwembamba kuliko wote hapa. Ingia umvute miguu mzee wako."

"Mimi, mama?"

"Si umesema u mnunguli? Au unaimba tu?"

Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mihayo alitazama watu, watu wakamtazama, akaingia. Herman alipanda ngazi akiwa na kopo la samli, akaanza kummiminia Jilala kiunoni. Bi Mwamvua alisimama chini akiomboleza samli yake, maana ilikuwa ya mikate.

Yaliyotokea ndani ya dohani hayakuonekana na mtu. Jilala, huku nusu yake ya juu ikipigwa jua na kumiminiwa samli, alisikia chini ya miguu yake mikono ikikwaruza, ikipanda, kisha ikasimama. Halafu ikaja sauti, nyembamba, isiyofaa wimbo wowote.

"Bhabha." Ilikuwa kama ya mtoto. "Bhabha, siwezi kushuka. Siwezi kupanda. Hakuna chini humu."

Jilala akaelewa mara moja. Shimo la nungunungu limelala. Hata ukiogopa, ardhi imekushika tumbo. Hili lilikuwa limesimama, na kwa kuwa yeye mwenyewe aliziba mwanga wote, kijana alikuwa ananing'inia gizani. Akasikia meno yakigongana. Akasikia kilio.

"Usiniache, bhabha!"

"Nikuache niende wapi, ng'wanawane, mwanangu, na mimi nimenasa?"

Herman aliyekuwa juu akauliza, "Unasema na nani?"

Hapo, msomaji, Jilala alikuwa na soko lote mbele yake na aibu ya Mihayo chini ya nyayo zake. Neno moja tu lingetosha. Mwimbaji analia kwenye masizi! Wimbo ungekufa palepale, uzikwe, na yeye angetangulia shimoni miaka mingine kumi. Neno lilimfika ulimini. Lakini lilipofika alikumbuka jambo ambalo hakuwahi kumwambia hata Mageni: siku ile ya kukwama, uso wake ukiwa umebanwa udongoni na pumzi zikimwishia, na yeye alilia. Hakuna aliyesikia, kwa sababu mtu wa mdomoni alikuwa amekwenda kuangalia nungunungu anavyokimbia.

"Naomba dua," akamjibu Herman. Kisha akainamisha kidevu kifuani, akasema polepole ndani ya dohani. "Mihayo. Kaza mgongo nyuma yako. Vizuri. Nyayo mbele. Sasa vuta pumzi, pumzi haijaisha, mimi naisikia. Nishike miguu. Ukishanishika, haanguki mtu peke yake."

Mikono ikapapasa, ikamshika vifundo, ikamng'ang'ania kwa namna ambayo hakuwahi kushikwa na mtu mzima.

"Vuta," akasema Jilala, akatoa pumzi zote za tumboni.

Samli ikafanya kazi yake. Kikasikika kishindo, dohani ikammeza Jilala mbele ya macho ya soko, na mzee na kijana wakashuka pamoja mpaka kwenye shuka la Bi Mwamvua, yule wa juu akimkalia wa chini.

Walipotolewa nje watu waliuliza kwa pamoja: ilikuwaje huko ndani? Mihayo alipangusa masizi usoni. Alimtazama Jilala kama mbuzi anavyolitazama panga.

"Amenivuta," alisema Jilala. "Bila yeye ningezikwa juu ya bati. Nipeni maji." Kisha, kabla hajayanywa, akamgeukia Herman. "Fundi, humo ndani mna mti."

"Mti gani? Ni matofali matupu."

"Nimekaa kwenye mizizi miaka ishirini na minane. Tofali halibonyei chini ya kidole. Pale nilipokanyaga, karibu na bati, ni mti, na umekwisha kuwa mkaa."

Herman akapanda na taa na kioo, akakaa huko kitambo. Aliposhuka hakuwa anazungumza haraka. Mafundi wa Mgiriki walikuwa wameichomeka boriti ya paa mpaka ndani ya njia ya moshi, na mbuzi wa kila Jumapili walikuwa wameanza kuila. Jiko la chuma lingewaka humo siku tatu, labda nne, na paa lingeshika moto.

"Nisingeijua," alisema. "Ningewasha."

Bi Mwamvua alikaa kizingitini, na safari hii hakucheka. Ilichukua siku tano. Herman aliikata boriti na kuiegemeza kwingine, wakaziba kwa tofali, Jilala akaleta udongo wa kichuguu uliochanganywa na chokaa kuziba nyufa. Kisha wakafukiza majani mabichi chini, wakazunguka kuta zote wakitafuta moshi unapovuja. Ukavuja mahali pawili. Wakaziba, wakafukiza tena, ukatokea juu tu. Ndipo bomba likapitishwa na jiko likasogezwa. Mkate wa kwanza uliungua. Wa pili Jilala aliupeleka kwa Mageni, naye akala nusu, akasema si mbaya, ila haushibishi.

Mwezi wa nane chama kilikutana penye shimo la nungunungu. Wimbo ulikuwa bado unaimbwa. Wimbo mzuri haufi kwa sababu mtu ameonewa. Mihayo tu ndiye hakuupokea. Wazee wakauliza ni nani atakayetangulia, na kila jicho likamtazama Jilala, maana habari za dohani zilikwisha kuzagaa na wengi walitaka atajwe tena.

Jilala alilipenda shimo lile, harufu yake, ubaridi wake, na alijua kwamba akikisema alichokusudia hatarudi humo kamwe.

"Atangulie Mihayo," akasema. "Mimi nipeni mdomo."

Wakashangaa, wakakubali. Mihayo alichukua mkuki, akapiga magoti penye shimo, lakini hakuingia. Alirekebisha kamba ya kiunoni. Alipangusa mkuki uliokuwa safi. Watu wakaanza kunung'unika kwamba kijana anachelewesha kazi. Yeye alikuwa anamwangalia mzee akitafuta mahali pa kukaa, akisogeza jiwe, akijitupa chini kwa kitambi chake chote. Alipoona amekaa, ndipo akaingiza kichwa.

Wenzake wakamletea Jilala nguo na vikopo vya ugoro avishike. Akaviweka pembeni vyote, akalaza sikio ardhini, akaanza kusikiliza.